Mwanangu, pishi haikutobolewa

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila mvua ya juzi ilitukuta na karafuu majamvini tukakimbizana nayo kama watoto. Bibi yako anakuulizia kila siku.

Naandika kwa sababu kwenye simu ulinishinda. Nilipokuuliza laki na themanini ya ada imekwenda wapi, ulinijibu kwa utulivu kabisa: "Baba, sikuibiwa. Kile kindege ni mchezo wa haki, kila mruko unaweza kuuhakiki mwenyewe." Nikakosa la kusema. (Kindege chenyewe, kama nilivyokielewa: unaweka dau kwenye simu, ndege inapaa na malipo yanapanda nayo, na usiposhuka kabla haijapasuka, dau lako limeliwa.) Miaka ishirini na sita nasomesha hisabati, na siku ile nikawa kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni hakusoma.

Uharamu wake unaujua, ulifunzwa chuoni kabla hujajua kuandika jina lako, nami sitaurudia. Mimi nilishikwa na lile neno haki. Nikaazima kompyuta ya skuli, nikakaa nayo siku tatu.

Nianze kwa kukubali: katika ulilosema, mengi ni kweli. Unakumbuka karatasi za mtihani zinavyokuja skuli? Bahasha imefungwa, na kabla haijafunguliwa wanafunzi wanaonyeshwa kwamba haijaguswa. Kindege chako kinafanya vivyo hivyo. Kabla ya mruko, kompyuta ya kampuni inachagua mbegu ya siri, yaani mfuatano wa kubahatisha ambao hesabu ya mruko inaanzia hapo. Haikuonyeshi mbegu yenyewe, inakuonyesha alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu uliotengenezwa kwa hesabu maalumu. Kisha mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau zinachanganywa na ile ya kampuni, na mchanganyiko huo ndio unaoamua ndege ipasuke wapi. Ikishapasuka, bahasha inafunguliwa. Unachukua mbegu, unaipitisha kwenye hesabu ile ile, unatazama kama alama ni ile uliyoonyeshwa mwanzo.

Nilijaribu mwenyewe kwa hesabu moja ya aina hiyo, iitwayo SHA-256. Niliandika "karafuu", ikanitolea mstari wa herufi na tarakimu 64. Nikaandika "Karafuu", kwa herufi kubwa mwanzoni tu. Mstari mwingine kabisa, hata undugu haukuonekana. Nikamwita mwalimu wa fizikia aone. Na kutoka kwenye mstari kurudi kwenye neno hakuna njia ila kubahatisha neno moja moja. Kwa hiyo kampuni haiwezi kubadili mbegu ukishaweka dau, ikifanya hivyo alama itaisuta. Ni kazi safi, na aliyeibuni nampa heshima yake.

Lakini hapo hapo nikakumbuka umenitajia lile kundi la simu ulilolilipia shilingi elfu thelathini wakutumie "predikta" ya kukwambia ndege itapasuka saa ngapi. Sasa nieleze. Kama bahasha imefungwa kweli, predikta ni uongo. Kama predikta ni kweli, bahasha imefunguliwa na mchezo si wa haki. Wewe umelipia vyote viwili.

Bahati inayotengenezwa vibaya hutabirika, hilo ni kweli. Mwaka 1999 kampuni moja iliyotengeneza programu ya karata za poka kwenye intaneti ilianika hadharani namna inavyozichanganya, ili watu waone kwamba haina hila. Wataalamu wa kompyuta Marekani wakaisoma. Mbegu yake ilikuwa inatokana na saa, milisekunde zilizopita tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000. Namba hiyo inaonekana kubwa, lakini karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi kiasi kwamba ukiiandika utahitaji tarakimu 68. Walipolinganisha saa yao na saa ya kompyuta ya mchezo, zikabaki mbegu laki mbili hivi za kujaribu. Wakiona karata tano tu, wanazijua zote zilizobaki. Ndiyo maana siku hizi ziko maabara zinazolipwa kupima programu hizi kabla hazijafika kwa watu, kama GLI iliyoanza Marekani mwaka 1989, na Bara iko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni. Wa kundi lako hawakuvunja chochote, waliuza ramli.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukipanda juu ya mikarafuu ya babu yako kuchuma, na jioni mnapanga mstari kupimiwa. Mchumaji analipwa kwa pishi, kile chombo cha kupimia. Pishi ile haikutobolewa, haikupigwa kitako, kila mtu aliiona. Lakini ujira wa pishi aliupanga mwenye shamba asubuhi, kabla hujashika tawi. Ungeikagua pishi ile mpaka usiku, senti isingeongezeka.

Bei ya kindege imeandikwa kwenye sheria zake, na wala haikufichwa: marejesho ni asilimia 97, yaani katika kila shilingi mia zinazowekwa, kwa wastani zinarudi 97. Maana yake, nafasi ya ndege kufika mara mbili ya dau lako si nusu kwa nusu, ni 97 katika 200. Kufika mara kumi ni asilimia 9.7. Shuka popote utakapo, zidisha nafasi kwa malipo, utapata ile ile 97. Ruleti ya Ulaya nayo ni hivyo hivyo: gurudumu lina namba 37, ukipatia namba yako unalipwa 35 kwa 1, yaani pamoja na dau lako unapata 36 tu. Mwenye mchezo ana haja gani ya kuiba?

Utasema asilimia tatu ni kidogo. Ni kidogo kweli ukicheza mara moja kwa mwaka. Lakini inakatwa kwa kila dau, na ndege inaruka tena kabla hujameza mate. Weka laki moja yote, na kinachorudi kiweke chote tena. Kwa wastani, mruko wa 23 unakukuta huna hata nusu. Mruko wa 100 unakukuta na chini ya elfu tano.

Mama yako hakuniamini. Basi usiku tukachukua beseni, nikahesabu karafuu kavu 97 na makonyo, vile vijiti vya karafuu, 103. Yeye anafumba macho, anachota moja, mimi naandika, tunairudisha na kutikisa. Karafuu ni ushindi wa elfu moja, konyo ni hasara ya elfu moja, na senti hakuna, tunaandika tu. Mia ya kwanza akachota karafuu 52. Ana elfu nne za faida, anacheka, ananiuliza hiyo hisabati nilisomea wapi. Mia ya pili akapata 44. Jumla ameshapoteza elfu nane. Nikafunga daftari nikasema basi, umeona. Mwanangu, mama yako alinishika mkono. "Tia tena," akasema, "zirudi zangu kwanza." Zake zipi? Karafuu za kwenye beseni, saa tano ya usiku, na macho yamemtoka!

Hapo ndipo nilipokuelewa wewe, na hasira yangu ikapungua. Ile mia ya kwanza ndiyo iliyokushika. Na pembeni ya kioo unaona majina ya walioshuka na mamilioni, waliopasukiwa hawatajwi. (Bibi yako, msuka mikeka, aliwasikia vijana barazani wakilia mkeka umechanika, yaani ubashiri wao umeliwa. Akasema wamletee, ataushona.)

Ada nimezungumza na ami yako, italipwa moja kwa moja skuli, haitapita kwako. Usinune. Hilo kundi litoke kwenye simu yako leo. Na ndani ya programu ile kuna historia ya madau yako yote. Usiifute kwa aibu. Iandike kwenye daftari, kila dau na kilichorudi, uje nayo Idi tuijumlishe mimi na wewe. Nataka kuona kama imekaribia 97.

Mama yako anakusalimu. Beseni nimelikuta asubuhi tupu, karafuu zimerudi guniani na makonyo kwenye fungu lake, na hataki tulitaje mbele ya wageni.

Wasalaam,
Baba yako