Al Wathba si ya saa nne

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Nimenyamaza sana, najua. Lawama nitazipokea ukifika. Rukia kaniambia mnakuja Abu Dhabi Januari, na Al Wathba mmeipanga "tukishakunywa chai, saa nne saa tano". Hee! Ndiyo nimekaa kuandika.

Hifadhi ile ya ndege kiangazi haiingiliki, kwa hiyo tazameni kwanza siku na saa mtandaoni. Lango likifunguliwa asubuhi, muwe hapo. Jua likishachoma mchanga, hewa juu ya maji inaanza kucheza, na kadiri unavyovuta darubini ndivyo heroe wanavyogeuka ukungu wa waridi. Kassim atasema lenzi ni mbovu. Mwache na mdude wake wa kukuza mara 60. Darubini ya mkononi ya 8x42, inayokuza mara nane, yatosha. Tena zimeni kiyoyozi cha gari mapema, mfungue vioo: lenzi baridi ikikutana na unyevu wa asubuhi inashika mvuke, na kuifuta kwa kanga ni kuikwaruza.

Jua liwe mgongoni. Msitafute heroe wale wadogo wa Nakuru, wenye mdomo mwekundu wa giza. Hawa ni heroe wakubwa, weupeweupe, mdomo wa waridi na ncha nyeusi. Wa kijivu ndio watoto wao. Mwandame mmoja tu kwa macho: anakanyagakanyaga tope akijizungusha, kichwa juu chini, anachuja kamba wa sentimita moja hivi. Maji yenyewe ni maji taka yaliyosafishwa (watoto msiwaambie!). Jua linayapunguza, chumvi inabaki, kamba hao wanastawi. Heroe walipofanikiwa kuzaa pale, Sheikh Zayed, rais wa nchi wakati ule, akaamuru pahifadhiwe, 1998.

Wakiruka wote ghafla, angalieni juu: kuna kipanga au tai anapita. Tulieni, watatua. Lakini mkienda saa tano mtaona waridi inayotetemeka tu, halafu mseme nimewadanganya.

Sasa niambie: mnakuja wangapi? Mama ataweza kilomita moja na nusu kwa miguu, au nikae naye kwenye banda la kutazamia? Watoto wataamka saa kumi na moja bila vita? Masweta mnayo? Maana Mombasa hamjui baridi. Na kachri za muhogo, kilo mbili zitakulemea?

Wako,
Zuhura