Desimali za mizani ya dhahabu zisitudanganye

Mhariri,

Mnunuzi wa dhahabu hapa Mombasa akioneshwa mizani ndogo ya kidijitali yenye desimali tatu, huridhika. Desimali hizo zaonesha tu mizani yaweza kutambua kitu kidogo kiasi gani. Yaweza kusoma tola moja 11.630 kila ukiiweka, bila kuyumba, ilhali tola ni gramu 11.664.

Chanzo kimoja cha kosa hilo kisichotajwa ni mahali inapotumika. Mizani ya zamani ya sahani mbili hulinganisha mali na jiwe, hivyo haijali iko wapi. Ya kidijitali hupima nguvu inayopinda kipande cha chuma ndani yake, na mvutano wa dunia ni hafifu kidogo karibu na Ikweta. Iliyorekebishwa, yaani kuwekwa isome sawa na jiwe la uzito unaojulikana, huko Ulaya kwenye latitudo 45, ikitumika Mombasa hivyo hivyo itasoma gramu 100 kama 99.74 hivi. Iliyorekebishwa Nairobi, huko nyanda za juu ambako mvutano ni hafifu zaidi, hapa pwani huzidisha: takriban 100.05. Ikisoma chini, anayepunjwa ni mama aliyekuja kuuza bangili kuukuu.

Basi irekebishwe pale pale inapotumika. Jiwe la gramu 100 la daraja la usahihi liitwalo M1 huruhusiwa kupotoka miligramu 5, nyingi mno kwa desimali tatu. La F2 ni miligramu 1.6, la F1 ni 0.5. Lishikwe kwa kibano, kwani jasho la vidole na hewa yetu ya chumvi huliharibu. Mizani iwashwe nusu saa kabla, feni izimwe, simu iwekwe kando.

Kisha ijaribiwe kwa mawe mengine, 5, 20 na 50, maana lile la kurekebishia litasoma sawa hata kama katikati pamepotoka. Jiwe moja lihamishwe katikati na pembe nne za sahani, nayo isome sawa kote. Liachwe dakika tano: tarakimu zikitambaa, au sifuri isiporudi likiondolewa, mizani hiyo haifai kwa dhahabu, hata ikiwa mpya.

Wapimao vumbi la dhahabu wana mtego wao. Mizani nyingi hufuta mabadiliko madogo karibu na sifuri zikidhani ni mtikisiko, kwa hiyo chembe zikidondoshwa mojamoja tarakimu haisogei. Weka kwanza jiwe la gramu 20, usibonyeze kitufe cha sifuri, uhesabu kuanzia hapo.

Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Muhuri tuutazame, lakini haujui jana mizani ilianguka. Masonara wetu waweke jiwe la majaribio juu ya kaunta, na mteja akiomba lipimwe mbele yake asionekane mkorofi.

Fundi wa mizani,
Mombasa