Namba ya kosa kwenye mashine siyo orodha ya spea za kununua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye pikapu na vigari vya mzigo vya zamani, hizi Hilux za petroli na Kirikuu ambazo ndo zinabeba viazi na parachichi huku kwetu Njombe, na niongee pia na mafundi wenzangu maana kuna tabia imeota mizizi gereji na inawamaliza watu hela. Gari inaanza kumisi, inatetema ikiwa imesimama, taa ya chek injini inawaka, mwenye gari anaenda kupimiwa na mashine, mashine inatoa namba, halafu hapohapo anaandikiwa spea. Ananunua. Gari inarudi vilevile, anaandikiwa zingine, mpaka anafikia kuuza gari kwa bei ya kutupa wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa mpira wa hewa umepasuka.

Jamani mashine haijawahi kumwambia mtu anunue kitu. Inachosema ni kompyuta ya gari imeona nini, basi, kutafuta kwa nini imeona hivyo ni kazi ya fundi. Chukua P0171, hii inakuja sana kwenye Hilux za injini ya 2TR. Maana yake kompyuta imeona hewa ni nyingi kuliko mafuta, ikaongeza mafuta, ikaongeza, mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake ndo ikawasha taa. Sasa fundi anabadilisha sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi inayopima oksijeni kwenye moshi! Hiyo sensa ndo iliyotoa taarifa, kuibadilisha ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu kapiga filimbi. Hewa inaweza kuwa inaingia kwenye mpira uliochakaa, au sensa ya kupima hewa imejaa vumbi, au filta ya mafuta imeziba, au pampu imechoka, au hata ekzosi inavuja kabla ya sensa ya oksijeni ikavuta hewa ya nje ikaidanganya.

Na kuvitenganisha hivi vitu wala hakuhitaji mashine ya mamilioni. Hata kile kimashine kidogo cha kuunganisha na simu kinaonyesha asilimia ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta. Acha injini ipate moto, soma ikiwa imesimama bila kukanyaga, halafu piga resi uishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika usome tena. Kama imesimama inaongeza asilimia 20 na kitu halafu kwenye resi inashuka karibu na sifuri, tafuta hewa inayoingia kinyemela baada ya sensa ya kupima hewa, kwenye mipira na gasketi za menifoldi ya kuingizia hewa. Ila kama imesimama iko sawa halafu ukipanda mlima na mzigo ndo inazidi kuongeza, mafuta hayafiki ya kutosha, angalia filta na presha ya pampu, na usisahau ile sensa ya kupima hewa iliyojaa vumbi. Hapo bado hujanunua kitu na umeshajua upande wa kwenda.

Katikati hapo niseme kitu kwa madereva wanaotoka Dar. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa huku ni nyepesi na injini isiyo na tabo inapoteza kama moja ya tano ya nguvu yake, hiyo ni kawaida, siyo pampu. Kama gari haimisi na taa haiwaki usikubali kuuziwa pampu.

Turudi kwenye kumisi. Namba za P0300 ni za silinda kutokuchoma vizuri, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, yaani tarakimu ya mwisho ndo inakutajia silinda, P0300 yenyewe ni kwamba inarukaruka haieleweki ni ipi. Kirikuu ile ya Suzuki Carry ina silinda tatu tu, moja ikilala umepoteza theluthi ya injini na mzigo hautoki. Kila silinda ina koili yake, inayotengeneza umeme wa cheche, juu ya plagi, kwa hiyo hamisha koili ya silinda inayolalamika uipeleke kwa jirani, futa kosa, tembea. Namba ikihama na koili, koili ni mbovu, nunua moja, siyo tatu. Namba ikibaki palepale, hamisha plagi. Ikibaki tena, ingia kwenye nozeli inayonyunyiza petroli na waya zake, na hapo ndo mafundi wengi tunakuwa wavivu kwa sababu kinachofuata ni kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na inachukua muda. Pima silinda zote ulinganishe. Iliyo chini ya wenzake iwekee oili kijiko kimoja upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni vavu au gasketi ya hedi. Hakuna koili duniani itakayoponya vavu iliyoungua!

Halafu plagi zenyewe zinaongea ukizitoa. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi au cheche ni dhaifu. Nyeupe kabisa, hewa inazidi au injini inachemka. Yenye unyevu wa oili, hiyo injini inakula oili.

Kuhusu plagi nyeusi kuna jambo linaniuma kuliko yote na sitaacha kulisema, themostati, ile vavu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sijui nani alianza huu uongo kwamba Afrika kuna joto kwa hiyo themostati haina kazi, unakuta gari imetolewa themostati tangu ilipochemsha mara ya kwanza na mwenye gari wala hajui. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba huku Njombe baridi inakata, injini isiyo na themostati inatembea kilometa na kilometa haijafika hata nyuzi 80, na kompyuta ikiona injini ni ya baridi inaendelea kumwaga mafuta kama gari ndo imewashwa sasa hivi. Gari inakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, petroli inashuka kwenye oili ya injini, inamisi, na taa inawaka. Kwenye baadhi ya gari utapata P0128, hiyo ni injini haipandi joto. Kwenye nyingine utapata kosa la mafuta kuzidi tu, fundi akauza sensa na nozeli. Kama gari inachemsha tafuta kwa nini, rejeta imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji imeisha, lakini themostati irudishwe ndani.

Sasa masega, kile kichujio cha ndani ya ekzosi kinachosafisha moshi. Hiyo taa ya chek injini watu wanadhani iliwekwa ili kumsaidia fundi, hapana, iliwekwa kwa ajili ya moshi. Ni Marekani, hasa jimbo la California, walioshinikiza gari ijipime yenyewe kama inachafua hewa, na kuanzia magari ya 1996 mfumo huu wa OBD2 ukawa lazima kule nchi nzima, Ulaya wakafuata 2001 kwa magari ya petroli. Ndo maana taa ikiwaka tulivu una muda wa kwenda gereji, ila ikianza KUPEPESA huku gari inamisi punguza mwendo na uache kukanyaga sana, maana petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Nimeona watu wanapanda Kitonga taa inapepesa na wamekanyaga mpaka mwisho.

Baada ya hapo inakuja P0420, masega hayafanyi kazi, na gereji jibu lake ni moja, yatolewe yanabana. Kweli yakiyeyuka yanabana, gari inakosa nguvu kabisa. Lakini mara nyingi hayakufa yenyewe, yaliuawa na ile misi ambayo haikutibiwa, au na injini inayokula oili, na wakati mwingine ni ekzosi inavuja karibu na sensa ya oksijeni ya nyuma ya masega na masega ni mazima. Tibu misi kwanza, ziba ekzosi, futa kosa, tembea siku kadhaa ndo uhukumu. Na ujue masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, yana soko, kwa hiyo fundi akikutolea muulize yako wapi, ni mali yako.

Kisingizio kwamba mafuta yetu hayafai masega kimepitwa na wakati. Ilikuwa kweli zamani za petroli yenye madini ya risasi, risasi ndo ilikuwa inaua masega, lakini nchi zetu zilikubaliana Dakar 2001 kuiacha na kufikia 2006 ikawa imeondoka kwenye vituo kusini mwa Sahara. Gari isiyo na masega ikiwa na ekzosi inayovuja chini ya kebini inakuingizia kaboni monoksaidi nyingi zaidi ndani, na hiyo ni gesi ya sumu isiyo na harufu, dereva na utingo wanaumwa kichwa safari nzima wanasema ni uchovu.

Kwa wenye gari za Japani za kabla ya 2008, tundu la pini 16 linaweza kuwepo na kimashine cha simu kisisome kitu, siyo kwamba kompyuta imekufa, inahitaji mashine inayojua lugha ya kampuni husika. Toyota za miaka ya 90 unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha chini ya boneti na taa yenyewe inakupepesea namba, unahesabu.

Mwisho mafundi wenzangu, tuache kuchomoa betri ili taa izime kabla ya kusoma. Kompyuta inapoandika kosa inatunza na hali ilivyokuwa wakati ule, resi ngapi, joto la injini, mzigo, ukichomoa betri umefuta ushahidi wote na mteja atarudi baada ya siku mbili taa imewaka tena. Soma, andika kwenye karatasi, mpe mwenye gari nakala. Na wewe mwenye gari ukiletewa bili ya koili uliza ya zamani ilihamishiwa silinda gani na namba ilihama au ilibaki, ukiletewa bili ya sensa uliza asilimia ya mafuta ilikuwa ngapi imesimama na ngapi kwenye resi, kabla hujatoa hela.

Fundi wa magari madogo ya mzigo,
Njombe