Kibua anatafutiwa pa kukaa

Jambiani, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai huko Wete hamjambo nyote na mguu wa bibi umepoa. Sisi wazima, alhamdulillahi. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba wa Makunduchi, na lawama nazipokea zote, ila leo nna jambo. Nimeona niandike nimpe Mama Subira, anasafiri na boti ya kesho, kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika mwisho.

Kibua ni mbwa. Usiikunje barua, soma.

Unaikumbuka ile nyumba ya wageni ya ufukweni iliyofungwa, wenyewe wakaondoka? Walichukua magodoro, wakachukua na mafeni, mbwa wakamwacha kafungwa kwenye mvinje kwa waya wa umeme. Watoto wa skuli ndio waliomsikia analia. Vijana wa kituo cha wanyama walipokuja kuukata, ule waya ulikuwa umeshazama kwenye nyama ya shingo na jeraha limeingia funza. Upele umemmaliza manyoya, ngozi nyeusi, ngumu, imepasuka pasuka. Kupe wa masikioni tuliacha kuwahesabu. Kituoni kwenyewe kumejaa, wakaniomba nimlee kwa muda: dawa na chakula juu yao, pahala na mikono juu yangu. Nikawaambia wiki mbili. Huu mwezi wa nne.

Najua unataka kuniuliza habari ya tohara, najisi ya mbwa. Anakaa jiko la zamani, kule uani, ndani haingii. Ana sahani yake, mie nna nguo yangu ya kumhudumia, na ndoo ya udongo iko pale penye bomba: akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo. Kabla hata sijamleta nilikwenda kwa Maalim. Akanambia kikavu kwa kikavu hakinajisi, tena akanisimulia ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. "Nenda kamtibu," akanambia. Nikatoka pale roho yangu nyeupe.

Wiki ya kwanza hali nikiwepo. Namwekea kidogo kidogo, mara nne kwa siku, wali laini na dagaa wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, maana daktari wa mifugo alinionya kuwa mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshibisha kwa mara moja unaweza kumuua. Naweka sahani, naenda kukaa mbali, nampa mgongo. Siku ya tisa akala mie nipo pale pale. Zuhura, nililia kama mtoto. Halafu akachukua kichwa cha samaki kibua mkononi mwangu, na jina likatoka hapo, watoto wa jirani ndio waliompa. Tulimpima kwa mizani ya mwani, kwenye polo langu mwenyewe ili nisimharibie mtu lake. Siku ya kwanza kilo 9, juzi kilo 17. Manyoya yalianza kurudi masikioni, sasa yamemjaa mwili mzima, rangi ya mchanga mkavu. Pale shingoni tu ndipo hayajaota, na sidhani yataota.

Mpaka leo mtu akipita na mnyororo wa baiskeli mkononi, Kibua anajibana nyuma ya pipa anatetemeka, na kumtoa huko ni kazi ya nusu saa.

Sasa sikiliza. Ameshachanjwa kichaa cha mbwa, ameshahasiwa, kadi yake ninayo. Kituo wanasema yuko tayari kuchukuliwa, na kweli yuko tayari. Na amepatikana mtu, anafanya kazi kwenye hoteli moja huku huku. Mtu mwenye heshima zake, sina la kumsema. Lakini anamtaka wa getini: mchana afungwe, usiku afunguliwe, ati mbwa wa kufungwa ndiye anayekuwa mkali. Sikuweza kumjibu. Nilikuwa naiangalia ile shingo tu. Kituo wanataka jibu Ijumaa, nao siwalaumu, wapo wengine wanaongoja nafasi.

Kubaki naye siwezi. Mama anahamia kwangu mwezi ujao, na yeye anashika kuwa nyumba yenye mbwa malaika wa rehema hawaingii. Sitamtia mama mashaka katika ibada yake, uzeeni.

Basi nimemfikiria shemeji yako wa Bambi, yule aliyeibiwa ndama. Mbwa wa kulinda mifugo dini imemruhusu, wala hakuna jirani atakayemnung'unikia. Sikufichi, Kibua si mkali. Akisikia mguu mgeni anabweka mpaka kijiji kizima kinaamka, kisha anakuja kujificha kwangu. Mbuzi wa jirani hawagusi, nimemjaribu mara nyingi. Kuku bado anawakodolea macho.

Je, shemeji angali anataka mbwa? Shamba lake lina uzio au limeachwa wazi? Atakubali kabisa asimfunge, hata usiku mmoja? Wale wanawe bado wanarusha mawe, au wameshakua? Akishuka mjini nani anabaki kumpa chakula? Nikimleta Jumatano nikashinda naye kutwa pale, tuone anavyotulia, atachukia? Na yule wa hoteli nimwambie hapana sasa hivi, au ningoje neno lako? Na weye, lini unakuja Unguja?

Nijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali. Nnapoandika hapa amelala kizingitini pa jiko, kichwa juu ya kandambili yangu, upande wa kovu kauweka juu.

Wako,
Mwanakhamis