Nataka kutazama mkono, si ulimi

Lamu, Mkomani

Shoga yangu wa dhati,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, na mama anakuulizia.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimeacha kuwahoji watu habari za siasa, sasa nawapa fomu mbili za waombaji basari wamchague mmoja. Ukimwuliza mtu kama anambagua mwenziwe kwa mrengo wake, atakwambia astaghfirullahi, sote ndugu. Naye anaamini anachosema. Ndiyo nikaona afadhali nitazame mkono, niuache ulimi.

Njia nimeitoa kwa watafiti wa siasa, Shanto Iyengar na Sean Westwood. Mwaka 2015 walichapisha majaribio ya Marekani: watu walionyeshwa wanafunzi wawili wanaoomba ufadhili, mmoja wa Democratic, mwingine wa Republican. Wanane hivi katika kila kumi walimpa wa chama chao, na hata wa chama kingine alipokuwa na alama bora, wengi hawakubanduka.

Juzi baada ya alasiri nikamjaribu ami yangu barazani. Waombaji basari wawili wa kubuni, wote yatima, mmoja B+, mwenziwe C+. Akavaa miwani, akaisifu B+. Kidole kikashuka hadi mstari wa mwisho, unaotaja msichana alisaidia kampeni ya mrengo gani, kikasimama hapo. Kahawa ikapoa. Akaivuta fomu ya C+: "Huyu ana moyo." Ami yangu, anayelipia karo watoto wasio wake! Nilipomweleza, aliiomba tena ile ya B+, akaisoma mpaka mwisho bila kutamka neno. Nilimwonea huruma, shoga.

Kwa kila msomaji narusha shilingi kuamua mrengo upi uandikwe kwenye fomu ipi. Wakiwa wengi, alama hazitaegemea mrengo wowote, na upendeleo wa mrengo utakaoonekana ni kazi ya ule mstari tu.

Linalonikosesha usingizi ni hili: vyama vyetu havidumu. Uchaguzi wa 2017 tuligombana kwa Jubilee na muungano wa NASA, wa 2022 kwa Kenya Kwanza na Azimio, majina mapya, chuki ile ile. Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa Bristol, Uingereza, kwa bahati nasibu, akawaambia ni kwa picha walizozipenda, nao wakapendelea kundi lao kwenye kugawa pesa. Basi huenda chama ni kanzu tu, mwili ni "wetu" na "wao". Lakini Lamu hii hii ilikuwa na makundi yake mawili, Zena na Suudi, na uongozi wakipokezana. Kwa hiyo nimetengeneza toleo la pili la fomu hizi, nikaongeza mstari: wasichana wote wawili ni wa mtaa wa msomaji. Nataka kuona kama ujirani utaushinda mrengo, na nataka kujua kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.

Nitafutie watu arubaini hapo Malindi, wasiwe jamaa zako peke yao. Usiwaambie wewe uko upande gani, na kila mmoja akimaliza mwambie wazi kwamba wanafunzi hao ni wa kubuni. Fomu zitakuja kwa basi la Jumatano, bahasha mbili, ya kijani na nyeupe, kila moja na toleo lake. Tafadhali usizichanganye.

Wako akupendaye