Nyimbo za bi mkubwa ziko njiani

Ubungo, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, ila joto na umeme unaokatika kila nikikaribia kumaliza kanda. Mpe bi mkubwa, mama yako, shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, utasahau.

Kanda zake 12 nimemaliza kuzihamishia kwenye memori kadi, za Black Star na Lucky Star, zile bendi za taarab za Tanga, na zile alizojirekodia redioni. Nimechelewa kwa ujinga wangu mwenyewe, na nakusimulia ili usije ukaurudia.

Kiredio cha memori kadi cha kumpigia nyimbo hizo nilikinunua Kariakoo. Kijana wa dukani akaniapia kinasoma kila kitu. Nafika nyumbani, nachomeka kadi, kimya! Kumbe kinasoma mafaili ya sauti ya aina ya MP3 na WMA tu, na mimi kanda nilizirekodi kwa simu, ambayo huhifadhi kwa aina nyingine, M4A.

Nikajitia ufundi. Nikayageuza mafaili yote kuwa MP3, tena kwa tamaa nikachagua kilobiti 320 kwa sekunde, wakati yale ya simu yalikuwa 128. Faili likanenepa mara mbili na nusu, sauti haikunenepa hata chembe. Tena ikaharibika: matari yanalia chwi chwi kama mafuta ya moto yaliyoingia maji. M4A na MP3 zote hupunguza uzito kwa kutupa sauti ambazo sikio halizishiki kirahisi, na kilichotupwa ndiyo kimekwenda. Ukigeuza moja kuwa nyingine unatupa tena kwenye kile kilichobaki. Nazi umeshaikamua, unaikamua tena, halafu unataka tui la kwanza!

Ikabidi nianze upya. Nikaazima redio kaseti ya jirani, nikapitisha waya kutoka tundu la hedifoni mpaka kwenye kompyuta, nikarekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti. Kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa kabisa, dakika moja inakula megabaiti 10 hivi, kwa hiyo kanda ya dakika 60 ni kama 600. Nikahifadhi kwa FLAC, ambayo hubana bila kutupa kitu. Hizo ndizo mbegu, ziko kwenye flashi nyeusi. Usizifute hata ukiishiwa nafasi ya picha za harusi! Kutoka humo nikatoa MP3 za kilobiti 192: kanda moja megabaiti 86, zote 12 gigabaiti moja na ushee, na kadi ni ya gigabaiti 4. Kwa kanda zilizochakaa hivi, 320 ingekuwa kujaza kadi bure.

Kiredio kina kituko kingine. Hakijali majina wala namba, kinapiga nyimbo kwa mpangilio ulioziingiza kwenye kadi. Mara ya kwanza upande B ukatangulia, nikaona bi mkubwa atanisema. Ukiongeza wimbo, ingiza mmoja mmoja kwa zamu. Na kompyuta ikikuuliza kama ui-fomati kadi, chagua mpangilio uitwao FAT32, vinginevyo kiredio hakitaiona.

Sasa kanda ya saba. Hiyo bi mkubwa aliirekodi kwa kuweka kinasa mbele ya redio. Katikati ya wimbo, gitaa limepamba moto, mama anafoka: “Zuhura! Sufuria hilo!” Kisha kishindo, kisha jogoo. Nilishaweka alama pa kukata, nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Sijakata. Ni faili la nne kwenye folda ya saba, msikilizishe bila kumwambia kitu.

Kiredio, kadi na flashi nimeviweka kwenye boksi la viatu, kesho alfajiri nalipeleka stendi ya Mbezi lipande basi la Tanga. Nikishampa kondakta nitakupigia. Chaji ya kiredio ni ile ile ya simu yako ya zamani, kwa hiyo waya sijaweka. Kanda zenyewe nitakuja nazo kwa mkono wangu, siziamini buti za mabasi.

Wako,
Mwanaidi