Risala ya Klabu ya Bonsai kwa Mgeni Rasmi, Mikindani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu Mikindani, mbele ya meza hii yenye miti 11. Mrefu kuliko yote haufiki magotini. Ingekuwa 19, habari ya hiyo minane tutaifikia.

Miti hii haina mbegu ya pekee. Mkwaju huu ni ndugu wa ile iliyokupa kivuli njiani. Unabaki mdogo kwa sababu umepandwa kwenye sinia la udongo lisilo na kina, unapogolewa matawi, na kila miaka miwili au mitatu unang'olewa ukapunguzwa mizizi. Bonsai ni neno la Kijapani, yaani kilichopandwa kwenye sinia, na Wajapani nao asili ya ufundi huu waliipata China. Wazazi waliokuwa wakinong'ona kwamba Mwalimu anadumaza miti kwa dawa, tunawatoa hofu: ni mkasi tu.

Mwalimu huyo, anayestaafu Desemba hii, aliuona mti wa namna hii akiwa kijana, kwenye kalenda iliyotundikwa kwa fundi redio. Miti saba ya kwanza ilimfia, maana aliiweka sebuleni kama pambo, na mti unataka jua. Wa nane ndio mkwaju huu, aliouotesha mwaka 1991. Mchonga vinyago mmoja alimwuliza, "Mwalimu, kazi hii unaimaliza lini?" Akamjibu, "Mpingo wako ukishauchonga unatulia. Wangu mvua zikinyesha unachipua, naanza tena."

Kwake tumejifunza kwa vidole. Waya wa shaba tunaufungua kwenye mota za feni zilizoungua, tunauviringisha tawini kwa mshazari, kisha tunalikunja tawi polepole huku dole gumba likiegemea pale linapopinda. Waya ukisahaulika unakula gome. Ukigeuza ule mkuyu wa pembeni utaona kovu. Mkosaji ndiye anayekusomea risala hii. Mkorosho nao tulijaribu, tukanyoosha mikono. Majani yake hayakubali kupungua.

Mwalimu hupenda kutusimulia habari za msonobari mmoja ulioanza kutunzwa Japani mwaka 1625. Bomu la Hiroshima mwaka 1945 liliukuta kwa familia ya Yamaki, nyuma ya ukuta, ukapona. Mwaka 1976 familia hiyo ikautoa zawadi kwa Marekani, na sasa uko Washington. Kila tukiusikia tunapiga hesabu ya watu waliopokezana kopo la maji.

Sisi tulishindwa kupokezana likizo moja tu ya Juni. Sinia la kina cha vidole vitatu, upepo wa kusi ukivuma, linakauka kwa siku moja. Zamu tulipanga, zikabaki kwenye karatasi. Mwalimu alikuwa safarini. Aliporudi hakugomba, aliing'oa minane yote kimya, akatuonyesha mizizi ilivyokauka, akaosha masinia.

Kwa hiyo tunaomba tenki la lita 1,000 na mpira wa maji. Pia tunaomba Mwalimu aruhusiwe kuingia shuleni kila Jumamosi baada ya kustaafu, na mlinzi apewe taarifa kwa maandishi.

Zawadi yako ni mche wa mkwaju wa miaka miwili. Umwagilie asubuhi na jioni, na tafadhali, usiuweke ofisini.

Tunaomba kuwasilisha.